Nafasi Moja katika Shamba la Waridi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana hata nyinyi mlikuwapo, ni ule mwaka wa barakoa na kunawa mikono kila mlangoni, palikuwa na wanawake watatu waliopanga vyumba katika ploti moja karibu na shamba kubwa la waridi huko Bonde la Ufa. Mkubwa wao aliitwa Nyaboke. Wa pili Apondi. Mdogo wao Gathoni. Wote watatu walifanya kazi chumba kimoja pale shambani: walipanga maua kwa urefu wa vikonyo, wakayafunga mashada, nayo yakapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Waume hawakuwa nao. Watoto walikuwa nao tele.

Nyaboke ndiye aliyekuwa mkongwe wa chumba kile. Wasimamizi walikuja na kuondoka, wote wanaume, na kila mmoja wao alifundishwa kazi na Nyaboke. Kila alipoondoka mmoja, wenzake Nyaboke walimwambia safari hii ni zamu yako. Ikaja zamu, ikapita, akaletwa mwanamume mwingine wa kufundishwa.

Kisha ugonjwa ukaja. Ndege zikaacha kuruka, maua yakawa hayana pa kwenda. Yakakatwa na kumwagwa shimoni, lori baada ya lori, na wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani wangoje kuitwa. Meneja, Bwana Mutiso, akatangaza kwamba kitabaki kikosi kidogo cha kutunza mimea isife. Watakaobaki watalala humo humo ndani ya uzio, na atakayetoka hatarudi mpaka hali itulie.

Wanaume wakajitokeza papo hapo. Wanawake wakabaki wanatazamana. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wote wako nyumbani. Mtu angemwachia nani?

Nyaboke akawaita wenzake chumbani kwake, akawaeleza alivyowaza: mmoja aingie, mshahara wake ulishe nyumba tatu, na wawili watakaobaki washike mengine yote. Gathoni ndiye aliyekuwa na nguvu, na kazi ya kupogoa aliijua. Lakini alikuwa na Njambi, kitinda mimba wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea.

"Niachie," Nyaboke alimwambia. "Njambi ni wangu mpaka utakapotoka."

Gathoni akafunga kibegi chake, akaingia.

Huko ndani alikuwa mwanamke mmoja miongoni mwa wanaume wengi. Alilala stoo, juu ya magunia, nyuma ya pazia alilolitundika mwenyewe. Alipogoa, alipiga dawa, alipalilia. Pampu ya maji ilipoharibika na fundi akakosekana kwa sababu barabara zimefungwa, wanaume wengine walikata tamaa, wakasema acha mimea ife, si yetu. Gathoni akachukua ndoo. Akachota maji bwawani, akamwagilia mstari baada ya mstari, mpaka wale wanaume wakaona haya, nao wakachukua ndoo.

Huku nje Nyaboke alikuwa na watoto wa nyumba tatu. Aliwapikia, aliwafulia, aliwaamulia ugomvi, aliwafundisha kusoma kwa kuandika kwa mkaa ukutani, na mwenye ploti alipokuja kulalamika kuhusu ukuta akamkalisha naye asikilize watoto wakisoma. Mzee yule hakuutaja ukuta tena. Siku zikaenda hivyo. Hakuna aliyemwita mfanyakazi, na yeye mwenyewe alipoulizwa siku hizi anafanya nini, alijibu kwamba yuko tu.

Ndipo Njambi akashikwa na homa kali ya kifua. Nyaboke alimkimbiza zahanati, akakesha naye, na homa ilipoanza kupungua mtoto akawa analia mama, mama, hataki kunyamaza. Asubuhi Nyaboke akambeba mgongoni mpaka kwenye uzio wa shamba. Gathoni akaja mbio, mikono imejaa udongo, akasimama upande wa pili wa waya. Askari wa shamba akamkumbusha kwamba akitoka ametoka.

Gathoni akauliza, "Anakula?"

"Ameanza. Uji kidogo."

Gathoni alimtazama mwanawe. Kisha akasema, "Basi mrudishe, dada. Nikitoka, wote watakula nini?"

Akageuka. Nyaboke alimwona akitembea wima mpaka kwenye kona ya banda la nailoni, na hapo, alipodhani hakuna anayemwona, akaketi chini kwenye udongo. Nyaboke alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na njia nzima alikuwa anajiuliza kama yeye angeweza kugeuka vile.

Haukupita muda, naye akajaribiwa. Simu ililia. Mtu mmoja wa kikosi alikuwa ameugua, na Bwana Mutiso alimtaka Nyaboke aingie jioni ile ile, kwa kuwa hakuna aliyeijua kazi kama yeye. Asipoingia, alisema, shamba halitamhesabu tena kuwa mfanyakazi wake. Apondi alikuwa ametoka kutafuta vibarua vya kufua, ambavyo navyo vilikuwa adimu, maana watu waliogopa kuingiza mgeni ndani. Njambi alikuwa bado anakohoa. Nyaboke aliwatazama wale watoto, wengine wamelala, wengine wanagombania kijiko. Akamwambia meneja kwamba anashukuru, ila hawezi. Miaka yake yote ya kazi ikaishia kwenye simu ile.

Ndege zilipoanza tena kuruka, shamba likaanza kuita watu. Likaita wanaume. Likaita wanaume tena. Apondi akaenda langoni kuuliza. Akafukuzwa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, safari hii akiwa na wanawake wengine nyuma yake. Mashamba ya jirani yakapata habari kwamba ni mchochezi, yakamfungia milango. Akaendelea kurudi, mpaka Bwana Mutiso akatoka mwenyewe, akamweleza bila ukali kwamba shule bado zimefungwa, wanawake wana watoto, akiwaita leo kesho wataomba ruhusa.

Apondi akamuuliza, "Na hawa wanaume uliowaita, Meneja, watoto wao wanalelewa na nani?"

Bwana Mutiso hakuwa mtu mbaya. Alirudi ofisini na swali lile. Siku chache baadaye akamwita Apondi, akamwambia kwamba maua yanayoagizwa bado ni machache, lakini amepata kibali cha nafasi moja ya kudumu. Ni ya msimamizi wa chumba cha kupanga maua, na safari hii itakwenda kwa mwanamke. Habari za nyumba zile tatu alikuwa amezisikia, na hakutaka kuchagua yeye. Wakubaliane wao watatu, hata yule aliyekuwa amefutwa, wamletee jina Jumatatu.

Kikosi kikaruhusiwa kutoka. Gathoni alipofika kwenye ploti akachuchumaa, akafungua mikono. Njambi alimtazama, akakimbia kujificha nyuma ya sketi ya Nyaboke, akamwita Nyaboke mama.

Jumapili mchana wakakaa watatu.

Gathoni akasema, "Mimi ndiye niliyefanya kazi. Mimea ile iko hai kwa mikono yangu, na bila mimea hakuna shamba wala nafasi. Nimelipa kwa mwanangu. Mmemwona."

Apondi akasema, "Nafasi hii haikuwapo. Iko kwa sababu nilisimama langoni. Na mimi sasa hakuna shamba lingine litakalonichukua. Nikiikosa hii, nimebaki bila kitu."

Nyaboke aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Gathoni hakuingia shambani peke yake, aliingia na mgongo wangu. Apondi hakusimama langoni na mtoto kiunoni. Niliitwa, nikakataa, kwa ajili ya watoto wenu. Na kazi hiyo nimewafundisha wanaume wangapi?"

Hawakugombana. Gathoni alilia kidogo, Apondi akamimina chai, wakainywa. Kila mmoja alijua kwamba wenzake wamesema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mwishowe wale wadogo wawili wakamwambia Nyaboke, "Wewe ndiye mkubwa wetu. Nenda ukataje jina. Lolote utakalotaja, hatutanung'unika."

Jumatatu asubuhi Nyaboke akavaa nguo yake nzuri, akamkabidhi Gathoni mtoto, akaenda. Bwana Mutiso akamkaribisha, akamvutia kiti, akamuuliza, "Haya, mama. Mmekubaliana awe nani?"

Nyaboke akashusha pumzi, akafungua mdomo.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, wake kwa waume, mimi naishia hapo ofisini kwa meneja. Mmoja aliifanya kazi, mmoja alimwezesha aifanye, mmoja aliipigania nafasi mpaka ikapatikana. Kama ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti kile, ungetaja jina la nani? Je, nani aliistahili?