Jina la Mtoto wa Mwanamvua

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana sindano zilishakuwapo, Mwanamvua alijifungua mtoto wa kike kabla miezi haijatimia. Kichanga hakikufika uzito wa pakiti ya sukari, na ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kadi ya wodini ikaandikwa "Mtoto wa Mwanamvua", basi.

Siku ya kumi fangasi wakaingia kwenye damu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini damu naijua kuliko walioisomea. Damu ina askari. Wa mtu mzima wakimwona adui hupiga kelele, mwili ukachemka homa. Wa kichanga ni makuruta wa juzi: fangasi anapita, wao wanampigia saluti.

Kwa hiyo mtoto hakuchemka. Alipoa.

Bi Kazija, bibi yake, ndiye aliyeshika nyayo akazikuta baridi, akaita watu. Bi Kazija huyo huyo alikuwa ameuona utando mweupe wa fangasi mdomoni siku nne nzima, akisema ni maziwa, mjukuu wake asisumbuliwe.

Sista Pelagia akachukua damu akaipeleka maabara bila kuagizwa. Sista huyo huyo ndiye aliyesahau mpira wa dripu mshipani mpaka ukawa mlango wa fangasi.

Daktari Siwema alisema mtoto hana homa, hana ugonjwa, akaenda kunywa chai. Majibu yalipomfuata kwenye chai alirudi mbio, akapima dawa tone kwa tone, wiki tatu hakukosea hata moja.

Mtoto akapona. Sasa kwao, anayeokoa mtoto huwa somo wake, na jina lake ndilo apewalo mtoto. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Bila mkono wangu huu mngechimba kaburi," alisema Bi Kazija.

"Mkono wako uliona baridi, mama," akajibu Sista. "Fangasi alionekana kwenye chupa yangu ya damu."

"Na hiyo chupa ndiyo iliyomponya?" akauliza Daktari.

Mwanamvua, aliyekamua maziwa usiku na mchana, alisema taratibu, "Dawa ilimkuta mwanangu bado anapigana. Na chakula cha vita kilitoka kifuani kwangu."

Hawakuafikiana. Miaka ikapita. Juzi binti aliposwa, kadi za mwaliko zimeandikwa "Mtoto wa Mwanamvua", na shehe ameapa hafungishi ndoa ya mtu asiye na jina. Bibi, Sista na Daktari wameshakalia mkeka wa mbele, makoo wameyasafisha.

Haya, nyinyi wajuaji wa kila kitu, bwana harusi yuko mlangoni. Je, nani alistahili kuwa somo, na binti aitwe nani?