Majani ya Bure ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, ujumbe ulikwenda kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya Swala. Tembo ndiye aliyefyeka njia za msituni. Mwenye salamu aliziandika kwenye jani, akaliweka kapuni langoni kwa Tembo pamoja na kiazi kimoja. Viazi hivyo vilikuwa chakula cha Swala.

Pimbi aliishi jabalini, juu ya lango hilo. Siku moja aliachia jani kutoka huko juu. Pwaa, likatua kapuni.

"Kiazi kiko wapi?" Tembo akauliza.

"Shikamoo, babu. Kiazi si hutolewa na wanaopita langoni?"

"Ndiyo."

"Mimi nimepita?"

Tembo akatazama lango, akatazama jabali. "Hukupita."

"Basi, babu."

Habari zikaenea. Wanyama wakapanda kwa Pimbi, naye akawaangushia majani yao bure, akisifiwa mpaka kichwa kikavimba. Fisi alileta mzigo kila asubuhi, majani yote yakisema neno moja: mifupa mizuri, njooni muone.

Langoni viazi vikakoma. Kapu likafurika majani. Swala akakonda.

Ndipo mtoto wa Pimbi akashikwa na homa. Pimbi akamwandikia Bi Kobe, mganga wa ng'ambo ya msitu: njoo na dawa, upesi. Akaangusha jani, akangoja. Jua likapanda, likainama. Mtoto sasa hata maji hayapiti kooni. Pimbi akashuka mbio.

Swala alikuwa amelala kando ya kapu.

"Dada, jani langu?"

"Limo. Ya Fisi yametangulia, arobaini."

"Si ungekimbia basi?"

"Kwa tumbo gani, kaka?"

Pimbi akapanda kwake, akarudi na viazi vyote vya ghalani. Swala akala, akafukua lile jani, tifu tifu tifu, akatokomea. Kabla jua halijazama alirudi na Bi Kobe mgongoni. Mtoto akadondoshewa dawa ulimini, jasho likamtoka, akaomba uji.

Kesho yake Pimbi akamwendea Tembo. "Babu, weka kapu la viazi na kule juu."

"Lakini nyie hampiti langoni."

"Nilikuzunguka, babu. Langoni sipiti, ila miguu ya Swala naitumia."

Fisi akaja jabalini na mzigo wake, akaliona kapu la viazi. "Kila jani kiazi?"

"Kila jani, mzee," Pimbi akajibu.

Fisi akageuka na mzigo wake.

Cha bure mkononi mwako, wajukuu zangu, kimemtoa mwenzako jasho.