Kwa Nini Sungura wa Nyumbani Hupiga Mguu Fataki Zinapolia

Wakati ule sungura hakuwa na banda. Alikuwa na nyumba yake uani kwa watu, yenye mlango, kizingiti na mkeka wa kukalishia wageni, na akijua kusema kama mimi na nyinyi. Wala hakuwa mwoga wa kelele. Radi ikipasuka alitazama juu huku anatafuna, akasema mvua hiyo, mchicha utastawi. Kwa hiyo nyinyi mnaodai sungura kaumbiwa moyo mdogo mnamsingizia. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichokuwa na kasoro ni mkono, maana ulikuwa mkono wa birika.

Sungura ninayemsema aliitwa Bwana Shaame. Alikaa uani kwa Bi Mize, mjane aliyelima mchicha na matembele ya kuuza. Alikuwa na mkewe, Bi Riziki, na watoto wengi aliowaita wote "wewe" ili asikosee majina. Ni binti yake wa kwanza tu, Mwanamvua, aliyemwita kwa jina lake, kwa sababu alipozaliwa huyo kichwa cha baba kilikuwa bado kina nafasi.

Sasa mji ule ulikuwa na ada yake. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Akiitikiwa "karibu" huingia, na akikuta watu wanakula lazima akaribishwe, naye lazima aonje, hata awe ameshiba mpaka kooni. Asipoitikiwa hata mara ya tatu, hugeuza akaenda zake, na haruhusiwi kununa wala kuuliza siku ya pili, "Jana mlikuwa wapi?" Ni ada nzuri, ya kusitiriana. Bwana Shaame akaitazama, akaona ina upenyo.

Masikio yake mnayajua. Mgeni akiwa bado kule kwenye kona ya kisima, yeye keshamsikia. Hapo hupiga mguu wa nyuma chini, ti, mara moja. Bi Riziki akisikia mguu hufunika sinia kwa kawa, na nyumba nzima hukauka. Hapana kutafuna, hapana kupepesa jicho, na mwenye jani mdomoni hulishikilia hapo hapo, nusu ndani nusu nje.

"Hodi," mgeni huita. Kimya. "Hodi, wenyewe." Kimya. "Jamani, hodi humu ndani." Kimya. Mgeni akishatokomea, Bwana Shaame hufunua kawa, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji akonde," na watoto hucheka kwa adabu. Basi ndivyo walivyoishi. Kila mtoto aliyezaliwa alifundishwa kuusikiliza mguu wa baba kabla hajafundishwa kuruka, na Bwana Shaame akanenepa shingo.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mwanamvua alikuwa amekua, wenzake wameolewa na wana watoto, na yeye hajaposwa. Bwana Shaame, pamoja na uchoyo wake wote, alimpenda binti yule kuliko alivyopenda karoti, na kwake hilo si neno dogo. Alikuwa akimwona kila alasiri kakaa kizingitini anatazama njia, na roho inamuuma. Siku moja akashindwa kuvumilia, akamwendea Bi Mize, ambaye alikuwa anafunga mafungu ya mchicha.

"Dada Mize," alisema, "nambie kweli. Mwanangu ana ila gani? Mbona hapana hata kijana mmoja aliyewahi kuja kumposa?"

Bi Mize akauweka mchicha chini. "Hapana aliyekuja? Watu wa Mzee Ussi, wale sungura wa kule mashambani, wamekuja na kapu lao la posa, mimi nawatazama kwa macho haya. Walikuja wakati wa masika, wakaja tena baada ya Idi. Wanapiga hodi, wananyamaziwa, wanarudi. Nikajua umewakataa. Nikasema, baba mtu ana sababu zake."

Bwana Shaame akakaa chini bila kutafuta pa kukalia. Akazikumbuka hodi zile. Ile ya baada ya Idi aliikumbuka vizuri, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wanakula maganda ya tikiti, na Mwanamvua mwenyewe alikuwemo ndani, kakauka kama wenziwe, ganda mdomoni, anamfukuza mchumba wake pasipo kujua.

"Watarudi?" aliuliza.

"Ada unaijua, Bwana Shaame. Posa ikinyamaziwa mara ya tatu hairudi tena, wala ukoo mwingine hauleti. Hawa wamenyamaziwa mara mbili."

"Basi nenda kawambie waje. Wambie hodi ya kwanza haitafika mwisho, nitakuwa nishaiitikia."

Bi Mize akajifunga kanga yake, akaenda akaifikisha salamu, akarudi. Alipoondoka huko, Mzee Ussi, mjomba wa kijana mwenye kuposa, akakaa na watu wake wakalizungumza jambo lile. Alikuwa mzee mwungwana, hamdhanii mtu baya. "Watu wasioitikia tukija, kisha wakatuita tuje," alisema, "hao si wabaya. Hao ni viziwi, na mtu huona haya kukiri uziwi." Kisha akaenda mjini kwa Fundi Khatibu, mpiga fataki za maharusi na sikukuu, akamwomba amtengenezee hodi tatu za kusikika. Ilikuwa ni hisani tupu, na hapana aliyempelekea habari Bwana Shaame.

Huku nyumbani, Bwana Shaame alikuwa anafanya mazoezi. Alisema "karibu" kwa sauti nene, akasema kwa sauti ya upole. Akawakaribisha kuku wa Bi Mize, nao wakaingia kweli, ikawa kazi kuwatoa. Akaikaribisha ndoo. Siku yenyewe ilipofika ulitandikwa mkeka mpya, na katikati likawekwa sinia la karoti, matembele na tikiti, ambalo alilipanga yeye kwa mkono wake na hakuonja ila kidogo. Mwanamvua alikuwa kafukizwa udi, na ncha za masikio yake zimetiwa hina.

"Baba, utaitikia kweli?" alimwuliza.

"Mwanangu, leo hata upepo ukipiga hodi nitauitikia," alisema Bwana Shaame, na hakuwa anasema uongo.

Hatua zao alizisikia tangu kona ya kisima, akaukalia mguu usipige. Basi fataki ya kwanza ikapasuka mlangoni.

Mguu wa Bwana Shaame ukapiga chini, ti. Hakuutuma. Ulikwenda wenyewe. Na mkono wa Bi Riziki nao ukaenda wenyewe, ukafunika sinia kwa kawa. Watoto wote wakakauka. Mwanamvua, bibi harusi na hina yake, akakauka pamoja nao, maana ndivyo alivyolelewa.

Bwana Shaame alijua kabisa ni wao. Moshi ulikuwa unapita chini ya mlango, na kwenye upenyo aliliona kapu la posa. Akataka kusema neno lile. Alilitaka kwa moyo wake wote, kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, lakini mwili haukumsikia. Ni midomo tu iliyocheza, upesi upesi, na pua nayo ikacheza, na sauti isitoke. Akamtazama mkewe amwokoe. Mkewe alikuwa anamtazama yeye. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na ya nyumba ile yalikuwa yamekomaa.

Ya pili ikapasuka. Kuku wa Bi Mize wakaruka ukuta. Midomo ya Bwana Shaame ikazidi kwenda mbio.

Ya tatu ikapasuka. Kisha nje ikasikika sauti ya Mzee Ussi, ya mtu aliyevunjika moyo. "Jamani, hii hata kisima kimesikia. Hawa si viziwi. Hawatutaki tu."

"Mjomba, tungoje kidogo," kijana alisema.

"Ada ni ada, mwanangu. Tugeuze."

Hatua zikaanza kwenda. Mwanamvua akayageuza macho yake kwa baba yake, akaiona ile midomo, akaelewa kwamba neno limo na halitatoka. Akamsubiri hata hivyo, kwa kuwa alimpenda. Alipozisikia hatua zimefika kisimani, akainuka. Aliruka juu ya sinia, kawa likapinduka, akatoka mlangoni, akalikata shamba la mchicha katikati. Moshi ulikuwa umemzibia njia, kwa hiyo alikimbia akipinda huku na huku, masikio ya hina yamesimama, mpaka akawakuta kwenye mihogo. Aliolewa huko huko, na huko huko akakaa.

Ulimi wa Bwana Shaame ulifunguka jua linazama. "Karibu," alisema, mlango uko wazi na nje hapana mtu. Alilia, Bi Riziki akalia naye. Sinia zima lilikuwa mbele yake, hapana mgeni wa kumpunguzia hata jani, na hakuweza kumeza kitu. Asubuhi akamwomba Bi Mize aung'oe ule mlango na ukuta wa mbele, atie wavu, ili mgeni akija amwone kwa macho kwamba yumo na ajiingilie mwenyewe bila kuitikiwa. Hiyo ndiyo asili ya banda. Baada ya hapo hakusema tena mpaka kufa kwake, wala Bi Riziki, na watoto wake hawakupata wa kuwafundisha kusema.

Na tangu siku hiyo, ukoo wa Mwanamvua kule porini wakisikia mlio mkubwa huondoka mbio wakipinda huku na huku, wasije wakaachwa. Na sungura wa nyumbani, fataki za Idi au za harusi zikilia, hupiga mguu chini, hukauka kwenye pembe ya banda, macho wazi, chakula hakigusi, na midomo na pua vinamcheza. Watu humwona wakasema anatetemeka, wakamvuta masikio wamtoe, au wakamcheka. Nyinyi msifanye hivyo. Funikeni banda kwa kanga, mkae karibu naye, mseme polepole mpaka kelele zipite, na majani myaache hapo atakula baadaye. Msimwone kanyamaza mkadhani hana neno. Yule ana wakwe mlangoni.