Nani Apewe Tangi la Batuli?

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Mzee Semboja ni kukatika kwa umeme. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Alikuwa ametoka kuwalisha samaki, kijiko kimoja, kama karatasi iliyobandikwa ukutani ilivyoagiza, na alikuwa amewahesabu: watatu. Taa za tangi zikazimika, pampu ikanyamaza, naye akakaa kitini kungoja, kama mji mzima wa Tanga ulivyokuwa ukingoja.

Tangi hilo lilikuwa la mkewe, Batuli, aliyefariki miezi minne iliyopita. Lilikuwa refu kama kitanda, limejaa maji ya chumvi, na katikati yake lilikaa jiwe kubwa ambalo juu yake Batuli alikuwa ameotesha matumbawe ya zambarau na ya kijani kwa miaka tisa, kipande baada ya kipande. Kazi yake ilikuwa kuotesha matumbawe katika kituo cha utafiti wa bahari. Nyumbani aliifanya kazi ileile kwa mapenzi. Alipougua aliandika karatasi: chakula gani, saa ngapi, chumvi kiasi gani. Semboja alikuwa amesomea upimaji wa ardhi chuo kikuu na kuufanya kwa miaka thelathini, akaifuata karatasi ile kama ramani. Hakuzidisha wala hakupunguza. Hata hivyo samaki, waliokuwa saba, walikuwa wakipotea mmoja mmoja bila kuacha hata mfupa.

Jioni, umeme ukiwa bado haujarudi na chumba kimeingia kiza, kitu kilichomoza chini ya jiwe. Semboja alidhani ni mpira wa pampu umechomoka. Kisha mpira ule ukageuka upande wake ukafungua taya. Alikuwa mnyoo, mnene kama kidole gumba, anang'aa rangi za mafuta ya taa yaliyomwagika majini, na kadiri alivyojitokeza ndivyo alivyozidi kuwepo. Samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe akapita juu yake. Samaki alikuwepo, kisha hakuwepo. Maji hayakutikisika.

Semboja hakupiga kelele. Alikaa na mikono juu ya magoti mpaka umeme uliporudi, kisha akawahesabu tena: wawili.

Sasa hesabu siku. Jumamosi lori lilikuwa linakuja kumhamishia Iringa kwa binti yake, mahali ambako maji ya bahari hayafiki. Tangi lisingeweza kwenda. Wala halikugawanyika: ukilitenganisha jiwe na maji yake, matumbawe yote yanakufa. Ilibidi libaki Tanga, mikononi mwa mtu mmoja, likiwa hai. Hicho ndicho pekee alichomwahidi mkewe katika siku zake za mwisho, na sasa ndani yake mlikuwa na muuaji.

Watu watatu walilipenda tangi lile, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwantumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mshona nguo. Kipaji chake ni macho. Angeweza kumtazama mtu akivuka barabara akajua bega lipi liko chini kuliko jingine.

Wa pili ni Chande, anayeuza supu ya pweza pale kona. Yeye kipaji chake ni mikono. Alikulia kwenye miamba akiwatoa pweza mapangoni, na alijua kushika kitu kinachoteleza bila kukikamua, hata kwa saa nzima, huku akizungumza habari za mpira.

Wa tatu ni Nuru, binti aliyefanya kazi chini ya Batuli kituoni kwa miaka minane. Kipaji chake ni elimu. Viumbe wa kwenye mwamba aliwajua kwa majina, kwa chakula na kwa tabia, hadi Chande akamwita sensa.

Ijumaa, baada ya swala, Semboja aliwaita wote, akawasimulia alichokiona, akawaambia maneno haya: "Atakayemtoa huyu mnyoo bila kuliua tangi, tangi ni lake." Alikuwa mtu wa kupima maneno, na wote watatu waliyasikia.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa bustani. Nuru aliuchukua taratibu mkononi mwake. Akaeleza kwamba ukimkata, kipande cha mbele kitakimbilia ndani na kupona, na cha nyuma kitaoza chini ya jiwe na kuyatia sumu maji yote. Ukimvuta kwa nguvu atakatika vilevile. Na dawa yoyote itakayomuua yeye itawaua wote.

Mwantumu akavuta kiti mbele ya kioo. Alikuwa ameshaleta pazia zito jeusi la mteja, akajifunika nalo pamoja na tangi, mchana wa saa tisa, akakaa na tochi. Kila alipowasha, mnyoo alirudi ndani kabla mwanga haujafika. Alikaa hivyo nusu saa. Halafu akatoa kichwa nje akaomba kikapu chake cha vipande vya nguo. Alijaribu bluu, akajaribu njano. Alipofunika tochi kwa satini nyekundu, mnyoo hakurudi. Aliendelea kutoka, shibiri kwa shibiri, kana kwamba bado ni kiza. "Nyekundu haioni," alisema Mwantumu kutoka ndani ya pazia. "Na anatokea tundu la kushoto, chini, siyo pale ulipodhani, shemeji." Bila macho yake wangekuwa wanawinda kitu wasichokiona.

Zamu ikawa ya Chande. Mwantumu alimlazimisha anawe mara tatu, akisema mikono yenye pilipili itawaua samaki kabla ya mnyoo. "Dada, mikono hii inakulisha kila jioni," Chande alimjibu, akanawa. Akavaa glavu, akafunga kipande cha ngisi kwenye uzi, akazamisha mkono hadi kwapani. Mnyoo akauma ngisi. Chande hakuvuta. Alimwacha ale na kuja, ale na kuja, mpaka kiganja chake kikafika nyuma ya kichwa, akakifunga. Mnyoo akajikaza ndani ya jiwe. Wakabaki hivyo, mmoja hamwachii mwenzake, dakika arobaini. Jasho lilimdondoka Chande kwenye kidevu, na habari za mpira zilimwishia. Mkono mwingine wowote ungevuta, na mnyoo angekatika.

Nuru akajaza maji yenye gesi kwenye bomba la sindano. Gesi ile, alisema, itamkosesha pumzi na kumfukuza atoke ndani ya jiwe. Alizunguka nyuma ya tangi, akapitisha mkono kati ya ukuta na kioo, na bila kutafuta akaingiza mrija kwenye tundu dogo lililofichwa na tumbawe la kijani. Akasukuma. Mnyoo akalegea. Chande akamtoa kama mtu anavyotoa uzi kwenye mshono, na aliendelea kumtoa, na kumtoa, mpaka Mwantumu akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa inatosha, kama vile Chande ndiye aliyekuwa akimtengeneza. Ndani ya ndoo Semboja alimpima kwa macho: mita moja na nusu, hakuna kilichokatika. Bila gesi ile angebaki jiweni hadi leo.

Matumbawe yalikuwa salama. Samaki wawili waliobaki walikuwa salama. Chande alikuwa ameanza kucheka. Semboja ndiye hakucheka, kwa sababu kuna kitu hakikuingia kwenye ramani yake.

"Nuru," alisema, "tundu la nyuma ulilijuaje?"

Binti aliliweka chini bomba la sindano.

"Bi Batuli alinionyesha."

"Lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Akaeleza, akitazama ndoo. Mnyoo aliingia na lile jiwe, akiwa mdogo kama njiti. Batuli alipomgundua, matumbawe yalikuwa yameshashika. Aliogopa kwamba kumtoa kungevunja kila kitu. Basi akawa anamlisha ngisi kupitia tundu la nyuma, na mnyoo aliyeshiba hakugusa samaki hata mmoja. Hakumwambia mumewe, kwa kuwa alimjua: mtu aliyehama chumba kwa sababu ya mnyoo wa udongo bafuni. Hakuandika kwenye karatasi, kwa kuwa mumewe ndiye ambaye angeisoma. Alimwagiza Nuru amwambie taratibu baada ya arobaini. Siku ya arobaini Nuru alikuja na ngisi kwenye mfuko, akakuta nyumba imejaa watu, akarudi na mfuko wake.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Mwantumu.

"Kila nikija kusema, namkuta anahesabu samaki."

Semboja alikuwa amelala hatua kumi kutoka kwa kiumbe yule kwa miaka tisa, na alikuwa amemshindisha njaa kwa kufuata maagizo bila kukosea. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Alikuwa anamlisha saa ngapi?"

"Ijumaa, mzee. Ukiwa msikitini."

Kabla ya magharibi Nuru alimpeleka mnyoo kituoni, naye mnyoo akawekwa huko peke yake kwenye tangi lake.

Asubuhi yake lori lilifika saa moja. Semboja aliwapanga wote watatu mbele ya tangi. Alijua kila mmoja atasema nini kwa ajili yake mwenyewe, kwa hiyo akakataza jambo hilo. Akamtaka kila mmoja ataje mwingine.

Mwantumu hakumtazama Nuru. Alimtaja Chande: yeye na Nuru walifanya kazi kwa vitu, pazia na sindano, lakini Chande alitia mkono wake mwenyewe karibu na taya zile, na mikono hiyohiyo ndiyo itakayoinua ndoo za maji kila wiki.

Chande alimtaja Nuru. "Angeweza kutudanganya, na tungeamini," alisema. "Tena mimi nitawatunza hawa samaki kwa kujua nini? Najua kuwachemsha."

Nuru alimtaja Mwantumu, kwa sababu aliona, na bila kuona mikono na elimu havina pa kwenda. Halafu akaongeza kwamba kama yeye mwenyewe angefanya kwa wakati jambo aliloagizwa, samaki wote saba wangekuwepo, na anayejua hivyo hawezi kujitaja wala kutajwa.

Kila mmoja, kura moja.

Dereva akapiga honi. Vitanda vilikuwa vimepanda, makabati yamepanda. Semboja alimwomba dakika kumi, akatoka, akakaa barazani na mikono juu ya magoti, huku nyuma yake pampu ikinguruma.

Dakika kumi hizo nakukabidhi wewe unayesikiliza. Aliyeona hatari ilipo, aliyeishika isiponyoke, au aliyejua namna ya kuimaliza, ingawa alijua pia namna ya kuizuia isianze? Keti pale alipoketi Semboja, injini ya lori imeshawashwa: tangi la Batuli unamwachia nani?