Mshona Makubadhi na Khatibu wa Khutba Ndefu

Inasimuliwa, na aliyetusimulia alikuwa mtu wa kucheka hata akizungumzia makaburi, kwamba zamani za waja wema palikuwa na mji mdogo kandokando ya jangwa ukiitwa Dhatu-Talhi. Ulikuwa na kisima kimoja, soko moja na msikiti mmoja, na habari iliyozaliwa humo asubuhi ilikuwa imezeeka kabla ya adhuhuri. Humo aliishi Lubaba binti Hazim, ambaye baba yake alikuwa mshona viatu. Mzee Hazim, Allah amrehemu, hakuwahi kumtoza maskini, na siku ya kufa kwake alimwambia bintiye, "Mwanangu, mja asimwendee Mola wake miguu ikivuja damu, na wewe sindano unaijua." Lubaba akaweka nadhiri kwamba ataiendeleza kazi ile wala hatajulikana na mtu, kwa kuwa aliichelea riya, wema wa kuonyesha watu, kuliko alivyoichelea njaa.

Basi angeifanya lini? Alitafuta asipate ila saa moja. Siku ya Ijumaa wanaume wote wa mji huwa ndani, wamemwelekea khatibu, na viatu vyao viko mlangoni bila mlinzi. Yeye huja na shazia ya baba yake, ile sindano nene ya ngozi, na uzi uliotiwa nta, akajibanza nyuma ya mtungi mkubwa wa maji ya kutawadhia, akachagua makubadhi yaliyochakaa kuliko yote, akashona. Akisikia khutba ya pili inaelekea dua, huyarudisha mahali pake na kuondoka zake.

Usidhani alikuwa shujaa. Mtu akikohoa ndani, roho ilimruka. Mwanamke asiye na mume, akikutwa peke yake katikati ya viatu vya wanaume, angesema nini, na nani angemsadiki? Mwizi wa viatu mji ule alikuwa akipigwa mijeledi sokoni mchana kweupe. Vidole vya Lubaba vilijaa matundu kwa vile alivyoharakisha akishona. Kilichomsaidia ni kimoja tu: khutba za Khatibu Mundhir, kijana mwenye elimu na haya nyingi, asiye na mke, zilikuwa ndefu mno. Wanaume wote wa Dhatu-Talhi waliomba kimoyomoyo zifupike. Lubaba peke yake aliomba zirefuke, na dua yake ndiyo iliyokuwa ikijibiwa.

Haukupita mwaka, mji ukajaa hofu. Mchota maji alikuta makubadhi yake yametiwa gidamu mpya. Kipofu mmoja alikuta yake yana soli nzima. Badala ya kusema alhamdulillahi, watu wakasema jini. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Jabala, ami yake Lubaba na walii wake wa kumwoza, mtu mwenye sauti ya simba na moyo wa kuku. Makubadhi yake mwenyewe yaliposhonwa aliyakataa, akatembea peku juu ya mchanga wa moto mpaka nyayo zikambabuka.

"Viatu vya jini vitakupeleka usikokujua," alimwambia Lubaba, naye akimpakulia uji. "Na wewe binti wa ndugu yangu, Ijumaa usipite hata karibu na msikiti."

"Naam, ami," alisema Lubaba, akamwongezea uji.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jabala, kwa kukaa peku na kuwaza, akaja na jambo jipya. Khutba ikiwa fupi, alisema, hushonwa gidamu tu. Ikiwa ndefu, hutiwa soli nzima. Basi ni nani anayemwita jini kwa maneno yake kama si khatibu mwenyewe? Watu wakatazamana, na wakakumbuka kwamba ni kweli. Tangu hapo neno uchawi likaanza kunong'onwa kila mlango.

Ijumaa iliyofuata uzi wa Lubaba ulikatika mara mbili. Minong'ono ikapanda mikekani, khatibu akashindwa kuendelea, na khutba ya pili ikafika mwisho kubadhi la mchukuzi mizigo bado liko mapajani mwake nusu soli. Watu wakaswali, naye akabaki akiharakisha kuimalizia soli, na mara tu walipotoa salamu Jabala akachomoka hadi mlangoni na wazee nyuma yake, wakamzunguka khatibu pale pale kizingitini, na kadhi wa mji akaketi kusikiliza. Lubaba akajikunyata nyuma ya mtungi, hatua nne kutoka kwao. Akaziba mdomo kwa mtandio asije akasikika akipumua.

"Ewe Mundhir," alisema kadhi, "wajua kuliko sisi kwamba sunna ni khutba fupi. Kwa nini wairefusha? Na mbona macho yako hayaishi kwenda mlangoni?"

"Sikumwita jini, kadhi wetu," alisema Mundhir. "Lililobaki ni amana ya mja mwingine. Si langu nilitoe."

Hapo Lubaba akafahamu. Watu humtazama khatibu, na khatibu hutazamana na mlango. Mtungi ulimficha kwa waliokaa mikekani. Kwa aliyesimama juu ya mimbari haukumficha kitu. Mwaka mzima alikuwa akionekana! Aliona haya mpaka akatamani ardhi immeze.

Kadhi akasema kwa huzuni, "Aliyetuhumiwa uchawi naye hajitetei, hapandi mimbari tena. Utauhama mji huu kabla ya alasiri, na utapewa maji ya siku moja."

Na kila mtu alijua kwamba kisima cha pili kilikuwa mwendo wa siku tatu.

Nafsi ya Lubaba ikamwambia, "Nyamaza. Nadhiri yako ni ya Mungu. Ukijitokeza, sadaka yako yote inaharibika." Lubaba akatambua kwamba ile ni hofu iliyovaa kilemba cha uchamungu, kwani ilimtaka amwache mtu afe kwa kiu ili yeye abaki mwema. Akasema bismillahi. Akashika mtungi, akainuka, kubadhi mkononi na shazia ikining'inia kwenye uzi.

"Kadhi wetu," alisema, "jini ni mimi."

Jabala alipiga ukelele, akarudi kinyumenyume mpaka akaketi ndani ya birika la maji ya kutawadhia. Kadhi akalichukua lile kubadhi, akaligeuza, akaliona fundo ambalo Mzee Hazim alikuwa akilifunga enzi za uhai wake. Wanaume wakainamisha vichwa, kila mmoja akitazama miguu yake.

"Kumbe ulirefusha ili amalize kushona?" kadhi alimuuliza Mundhir.

"Ndiyo, kadhi wetu."

Hapo angenyamaza, na angetoka mweupe kama pamba. Lakini alikuwa mkweli, na mkweli hana raha na nusu ya kweli. "Nachelea kubakisha uongo," akasema. "Ijumaa tatu kabla ya hii alikuwa ameshamaliza na kukata uzi, nami nikaendelea. Hizo sikuzirefusha kwa ajili ya maskini. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha."

Kadhi alijiziba mdomo kwa mkono wa joho lake. Alipoweza kusema, akamgeukia Lubaba. "Na wewe binti, ikiwa ulikuwa umemaliza, mbona hukuondoka?"

Lubaba alilitazama birika, akautazama mtungi, na hofu aliyokuwa nayo sasa ilizidi ile ya mijeledi. "Nilikuwa nasikiliza, kadhi wetu."

"Shauri hili si la kadhi," alisema kadhi akisimama. "Ni la walii." Na walii alikuwa birikani, anakamua kanzu.

Wakaozwa kwa mahari ya shazia mpya. Khutba za Mundhir zikafupika kama sunna ilivyotaka. Lakini Lubaba alilia kwa sababu siri yake na Mola wake imetoka, na kilio hicho kikawafikia watu wa Dhatu-Talhi. Wakaona haya. Tangu siku hiyo, Ijumaa ikisha swala, hakuna aliyekimbilia mlango. Walikaa mikekani wakileta nyiradi, migongo mlangoni na macho kibla, muda mrefu kuliko khutba yoyote waliyowahi kuilalamikia, na wa mwisho kuinuka alikuwa Mzee Jabala. Wakitoka walikuta makubadhi fulani yameshonwa, wakasema alhamdulillahi, wasiulize. Katika msikiti mzima aliyeuelekea mlango alikuwa mmoja tu, na huyo sasa alikuwa na haki ya kutazama.

Ndugu zangu, mwenye kuficha wema wake amefanya vyema, na mwenye kuufichua ili mwenziwe asidhulumiwe hakupoteza kitu. Mola atujaalie tuwe miongoni mwao, na tukishindwa, basi angalau tuwe miongoni mwa wale wasiogeuka nyuma.