Jina la Mjukuu wa Bi Nyamizi

Hapo zamani, si zile za sungura kusema bali za mahakama kusema Kiingereza, palikuwa na mjane aitwaye Bi Nyamizi, aliyekuwa akitoka nyumbani kwake kwa dirisha. Hakuwa na wazimu. Jirani yake, Bwana Kahigi, alikuwa na ua wa minyaa wenye tabia ya kutembea. Kila masika ulisogea hatua mbili, hadi ukaziba mlango wa mama wa watu.

Akashtaki. Siku ya kwanza mlinzi wa mahakama akamtazama miguuni. "Kandambili haziingii kwa Mheshimiwa, mama." Akarudi. Siku ya pili, kandambili zile zile, mlinzi yule yule. Akarudi. Akaambiwa akikosekana mara ya tatu, kesi inafutwa.

Akaapa mbele ya bintiye mjamzito: "Atakayenirudishia mlango wangu, mjukuu huyu ataitwa jina lake."

"Hata akiwa nani, mama?"

"Nimeshaapa. Wewe zaa tu."

Siku ya tatu, mlinzi akainamia miguu tena. Mfagizi Sikudhani akavua viatu vyake. "Chukua, mama. Vinabana, lakini vinaruhusiwa." Yeye akabaki peku, na kabla ya saa sita akafukuzwa kazi kwa kuiaibisha mahakama.

Ndani, karani Chubwa alikuwa akiita majina. Kila jina mara tatu, basi. Akachungulia nje, akamwona mama anachechemea uwanjani. Akaita mara moja, akakohoa. Akaita mara ya pili, akaomba maji, akanywa glasi nzima. Mara ya tatu akalivuta jina kama anaita ng'ombe: "Nyamiiiiizi!" Mama akatokea mlangoni. Karani akahamishiwa stoo ya mafaili, yeye na panya.

Kesi ikaanza. Hakimu wa hapo hapo, mawakili wa hapo hapo, hata nzi wa hapo hapo, lakini Kiingereza kitupu. Wakili wa Kahigi akauliza jambo. Bi Nyamizi, kwa adabu zake, akaitikia kwa kichwa. Akauliza jingine. Mama akaitikia tena. Kumbe alikuwa akikubali kwamba ua uko mahali pake!

Tumsifu, msichana aliyekuwa msaidizi wa wakili huyo huyo, akasimama. "Mheshimiwa, mama anaonyesha heshima tu. Naomba aulizwe kwa Kiswahili." Bosi wake akamkanyaga mguu. Hakusikia.

Mama akaulizwa.

"Nikubali? Baba, mimi natoka kwa dirisha!"

Hakimu akaenda kujionea. Ua ukang'olewa. Tumsifu aliporudi ofisini akakuta mkoba wake umewekwa nje.

Mtoto akazaliwa. Habari za kile kiapo zilikuwa zimeenea, na wote watatu waliomsaidia wakaja, wakapita mlangoni.

"Bila viatu vyangu angeishia getini," akasema Sikudhani. "Na sasa sina kazi."

"Dada, viatu vyako vingekuta kesi imefutwa," akasema Chubwa. "Nimewahi kunywa maji mengi hivyo?"

"Nyinyi mlimfikisha akajimalize mwenyewe," akasema Tumsifu. "Mimi nilimpa mdomo wake."

Hakimu naye akatuma ujumbe: kwani hukumu iliandikwa na nani?

"Mama," binti akaita toka chumbani, "kesho tunamtoa mtoto nje, na watu wameshaalikwa. Tumwite nani?"

Bi Nyamizi akawatazama mmoja mmoja. Je, wasikilizaji wangu, jina ni la nani?