Boga la Mnadani

Wapendwa, nianze kwa kukiri, maana kisa hiki kinanihukumu mimi kabla hakijamgusa mwingine. Mwaka ule tulipokuwa tunapaua kanisa letu, nilisimama kwenye mnada wa sadaka nikanunua mkungu wa ndizi kwa pesa ambayo mke wangu alikuwa ameiweka kwa dawa za mama yake. Nilipigiwa makofi, nikajisikia kama mtu ambaye jina lake limesomwa mbinguni. Nilipofika nyumbani sikuambiwa neno, na kunyamaza kule kulinifundisha kuliko mahubiri. Elimu yangu ya Maandiko si kubwa. Haya ninayowasimulia niliyapata kwa wazee waliobatizwa mapema kule milimani Upare, nami nayasimulia kwa haya.

Wanasimulia kwamba zamani za rupia, pesa ya enzi za Mjerumani, Injili ilipokuwa bado changa katika milima ile na kanisa likiwa la miti na nyasi, aliishi mzee wa kanisa aitwaye Elinaja. Alikuwa mcha Mungu kweli, hilo hakuna aliyelibisha. Wagonjwa aliwatembelea bila kutumwa, na Jumapili yeye ndiye aliyefagia kanisa. Ila alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda kuonekana akitoa. Nyumbani kwake waliishi mkewe Nakijwa, mtoto wao mdogo Mbonea, na mama yake mzazi, Bibi Nakunda, mwanamke wa sala ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee.

Mwaka huo mvua hazikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Elinaja akashuka tambarare kukata mkonge, akarudi amekonda, na rupia zake zimefungwa kwenye kitambaa. Siku aliyorudi familia nzima ilipiga magoti, wakaiombea ile pesa, wakakubaliana kwamba ni ya nafaka, basi. Si ya nguo, si ya kitu kingine. Habari zilikuwa zimefika kwamba mahindi yangeletwa kwa treni kwenye kituo cha chini, na wanaume wangeshuka kununua Jumapili, mara tu baada ya ibada. Ndiyo maana Elinaja alikwenda kanisani na kitambaa kile kiunoni.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno. Desturi yao, ambayo hata sisi tumeirithi, ilikuwa hivi: watu huleta mazao mbele ya madhabahu, kisha huuzwa uwanjani kwa mnada, na mnunuzi akitaka kumtukuza Mungu zaidi hulipa, halafu hukirudisha kile kitu kiuzwe tena. Mavuno hayakuwapo mwaka ule, lakini mnada ulifanyika, kwa sababu kanisa lilikuwa likichanga fedha za kununulia kengele. Mjane mmoja alileta boga. Mwalimu Anaeli, aliyeliongoza kanisa lile, akaliinua juu kwa mikono miwili.

"Boga la Bwana hili! Nani ananianzia?"

"Rupia moja!" alisema Yonazi, jirani yake Elinaja, mtu wa utani, ambaye kila mwaka walishindana.

"Mbili," akasema Elinaja.

"Tatu! Mzee Elinaja, mwaka jana ulinishinda kwa jogoo. Leo boga likushinde? Au mkonge umekutoa nguvu za mkono, umebaki na za mdomo?"

Watu wakacheka. Elinaja naye alicheka, lakini mkono ulikuwa umekwisha kufika kiunoni.

"Nne."

"Tano! Jamani, mnamwona anavyotoka jasho? Mpeni maji mzee wetu!"

Nakijwa, aliyekuwa upande wa wanawake amembeba Mbonea, alimtazama mumewe akatikisa kichwa polepole. Elinaja alimwona. Wazee wakisimulia hufika hapo wakalirudia neno hilo: alimwona.

Kisha akakifungua kile kitambaa. "Zote," akasema kwa sauti kuu. "Zote zilizomo humu, kwa utukufu wa Mungu! Na boga nalirudisha, liuzwe tena!"

Vigelegele vilipanda hadi mlimani. Mwalimu Anaeli alilia machozi ya furaha. Wanaume wengine waliposhuka kituoni, walimwita Elinaja, naye akawaambia, "Tangulieni, mimi nitashuka siku nyingine."

Bibi Nakunda alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba akingoja. "Mwanangu, mbona sauti yako iko hapa? Hukushuka na wenzako?"

Elinaja akamweleza. Alipomaliza akaongeza, "Mungu atatupa, mama."

Nakijwa akamweka mtoto chini. "Baba Mbonea, Mungu alikwisha kutupa. Tulimshukuru tukiwa hapo hapo uliposimama."

"Na boga liko wapi?" akauliza Bibi Nakunda.

"Nimelirudisha, mama. Ndiyo desturi."

"Hata boga," akasema yule mama.

Ikaja njaa yenyewe. Wenye nafaka walikula mara moja kwa siku. Nyumbani kwa Elinaja walichimba mashina ya migomba, wakayakatakata na kuyaponda, na hayo yalipokwisha wakatafuta majani. Nakijwa alitaka kwenda kwa Mwalimu Anaeli kusema hali yao.

"Utanivua nguo mbele za watu," Elinaja akamwambia. "Mtu aliyetoa rupia zote zile, leo akaombe kibaba cha mahindi? Watacheka hadi nizikwe."

"Nitakusitiri kwa kunyamaza, Baba Mbonea. Lakini nikiulizwa, sitasema uongo."

Hakuna aliyemuuliza. Elinaja alihakikisha hawaulizi. Kila siku, saa ambayo majirani walipika, aliwasha moto mkubwa jikoni kwake, moshi ukatoka kwenye nyasi za paa, na wapitaji wakasema, "Kwa Mzee Elinaja Bwana amebariki." Chungu kilikuwa juu ya mafiga, na ndani yake maji.

Bibi Nakunda alianza kukataa hata kile kidogo. Akiletewa, alisema, "Mpeni mtoto. Mimi nafunga, naombea mvua." Habari zikaenea kijijini kwamba mama yule mtakatifu anafunga kwa ajili ya wote, na wanawake wakaja kumbusu mikono. Yeye aliwabariki, akaugeuzia ukuta uso wake.

Alipokuwa karibu kuiaga dunia, alimwita mwanawe. Sauti ilikuwa imekwisha. Elinaja alilazimika kuweka sikio mdomoni pake.

"Mwanangu, niliwaambia watu nafunga. Nilikuwa nakusitiri wewe, na Bwana anisamehe. Watakaponizika, usikubali waseme nilifunga."

"Mama..."

"Nilikuwa na njaa."

Hakusema tena.

Watu walikuja wengi kumzika. Wachimbaji walipumzika mara kwa mara, maana hawakuwa na nguvu. Mwalimu Anaeli akasimama penye kaburi akasema, "Ndugu zangu, mama yetu Nakunda ametuachia mfano. Amefunga hata kufa, akituombea mvua. Na mti mwema huzaa tunda jema. Nani hakumbuki Jumapili ile, mwanawe alipotoa..."

Elinaja aliinamisha kichwa. Wanasema alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Mwalimu alimaliza, na wimbo ulikuwa umekwisha kuanzishwa. Angeweza kunyamaza, na leo tungekuwa tunamhesabu kuwa mtoaji mkuu wa milima ile, na mama yake mfungaji.

"Mwalimu, acha," akasema. Akapiga magoti kwenye udongo. "Mama hakufunga. Mama alikuwa na njaa. Amekufa kwa njaa ndani ya nyumba yangu."

Wimbo ukakatika. "Njaa?" mtu mmoja akauliza. "Kwako wewe? Mbona kila siku tunaona moshi?"

"Chungu cha maji. Niliwasha moto ili mnione tumeshiba. Rupia zile zilikuwa za chakula cha nyumbani. Tulikwisha kuziombea. Sikumpa Mungu, nilijinunulia makofi yenu."

Nakijwa akaja akapiga magoti kando yake na mtoto mgongoni.

Yonazi alikuwa ameshika jembe la kufukia. Akalitupa chini. "Nami niseme, maana nitasongwa. Siku ile sikuwa na rupia hata moja. Nilipandisha bei kwa utani, nikijua huwezi kukubali kushindwa. Na lile boga ulipolirudisha, nililichukua kwa heleri chache, vijisenti tu, za kuazima. Tulilila sisi, Elinaja. Wanangu walilila."

Hakuna aliyecheka. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Hata kwangu chungu ni cha maji." Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Kumbe nyumba nyingi za wale waumini zilikuwa zikifuka moshi mtupu, kila moja ikizionea haya nyingine, na wote wakikutana Jumapili kuimba kwamba ni mwili mmoja.

Mwalimu Anaeli alikwenda kanisani akarudi na sanduku la fedha za kengele. Mzee mmoja akamzuia. "Mwalimu, hiyo ni mali ya Mungu!"

"Na hawa ni wa nani?" akamjibu.

Walishuka kituoni siku ile ile, nguo zikiwa bado na udongo wa kaburi. Nafaka iligawanywa kwa kila nyumba. Mbonea alinusurika, ingawa alibaki dhaifu wa miguu maisha yake yote. Elinaja aliacha mwenyewe kiti cha uzee wa kanisa. Tangu hapo kila alichopata alikiweka mbele ya Nakijwa. Kwanza waliomba, kisha wakatenga cha chakula, cha mbegu, cha sadaka, na asiongeze cha sadaka mbele za watu. Mvua ilikuja baadaye sana. Kengele haikununuliwa wakati wa uhai wao. Watu waliitwa ibadani kwa pembe, na wageni waliouliza sababu waliambiwa yote, hata jina la aliyezikwa.

Wapendwa, sisemi tusitoe. Kutoa ni ibada, na ole wake anayemfungia Mungu mkono. Nasema tu kwamba pesa ya nyumba ni amana, na sisi ni mawakili juu yake, na wakili hana ruhusa ya kujinunulia sifa kwa chakula cha watoto wa Bwana wake. Na aliyekwisha kukosea njia anayo moja, nayo ni chungu: aseme kweli akiwa bado na watu wa kuwaambia. Elinaja alisema, lakini mama yake hakuwepo kusikia.

Basi nakuomba, ndugu unayenisikiliza: ukifika nyumbani leo, keti na mwenzako umwambie ukweli wa pesa mliyonayo. Hata kama ni kidogo. Hata kama imekwisha.